Aina za Data na Takwimu za Msingi: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza, Kutoka Dodoso la Shamba la Viazi hadi Ripoti

Swali la takwimu huanza kwa maneno ya kawaida kabisa. Kiongozi wa kikundi cha wakulima katika safu za Uporoto, afisa ugani wa kata iliyoko Makete, au mwanafunzi wa chuo cha Iringa anayeandaa utafiti wake wa kwanza anaweza kuuliza: wakulima wa viazi mviringo wa kijiji hiki wanavuna kiasi gani kwa ekari moja? Mwongozo huu unalifuata swali hilo hatua kwa hatua, tangu dodoso linapoandikwa mpaka aya ya ripoti inapokamilika. Mavuno ya wakulima yaliyotumika humu ni mfano wa kubuni kwa ajili ya kufundishia, lakini idadi za watu zimetoka katika sensa za taifa.

Hatua ya kwanza: lifanye swali lipimike

"Wakulima wanavuna vizuri?" si swali linaloweza kujibiwa kwa namba, kwa sababu kila msikilizaji ana maana yake ya neno "vizuri". Swali linalopimika hutaja vitu vinne: nani anayepimwa, nini kinachopimwa, kwa kipimo gani, na katika kipindi gani. Kwa hiyo tutaandika hivi: katika msimu mmoja wa mvua, kila kaya inayolima viazi mviringo kijijini ilivuna kilo ngapi kwa ekari? Nyanda za Juu Kusini hupata msimu mmoja wa mvua unaoanza kwa kawaida mwezi Novemba na kuingia mwaka unaofuata, na kwa sababu hiyo neno "mwaka" pekee huleta mkanganyiko: mkulima mmoja atataja mavuno ya mwaka aliopanda, na mwingine ya mwaka aliovuna. Taja msimu kwa miaka yake miwili.

Hatua ya pili: amua utamuuliza nani

Kaya zote zinazohusika na swali huitwa kundi lengwa. Ukizifikia zote umefanya sensa, na ukichukua baadhi tu umechukua sampuli. Tuseme kijiji kina kaya 240 zinazolima viazi, nawe una uwezo wa kuzitembelea 30. Omba orodha kwa mtendaji wa kijiji, ipe kila kaya namba, kisha gawanya 240 kwa 30 upate 8. Andika namba 1 hadi 8 kwenye vikaratasi, vichanganye, na uchague kimoja bila kutazama. Ikitoka 5, utatembelea kaya ya 5, ya 13, ya 21 na kuendelea hivyo mpaka zitimie 30.

Kazi hii inaonekana ndogo, lakini wengi huiruka. Badala ya kufuata orodha, huuliza kaya zilizo kando ya barabara kuu kwa kuwa ndizo zinazofikika kwa urahisi. Kaya hizo huwa karibu na duka la pembejeo na karibu na lori la mnunuzi, na mavuno yake yanaweza kutofautiana sana na ya kaya zilizo juu mlimani. Sampuli iliyoegemea upande mmoja haitengenezwi kwa kuongeza watu wa upande huohuo: kaya 200 za barabarani bado ni za barabarani. Ikiwa kijiji kina sehemu mbili zinazotofautiana waziwazi, kwa mfano bondeni na mlimani, tengeneza orodha mbili na uchague kutoka kila moja kulingana na idadi ya kaya zake.

Hatua ya tatu: tambua aina ya kila data

Hapa ndipo ningemshauri anayeanza akae kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote, kwa sababu aina ya data ndiyo inayoamua hesabu ipi inaruhusiwa na grafu ipi inafaa. Jambo lolote linaloweza kutofautiana kutoka kaya moja hadi nyingine huitwa kigeu. Jinsi ya mkuu wa kaya ni kigeu, ukubwa wa shamba ni kigeu, na bei ya gunia pia ni kigeu. Vigeu hugawanyika kwanza katika makundi mawili: vya sifa, ambavyo hujibu swali "ipi?" au "ya aina gani?", na vya idadi, ambavyo hujibu "ngapi?" au "kiasi gani?".

Tulisome dodoso letu swali kwa swali.

Swali la kwanza linauliza mbegu aliyopanda mkulima: Kikondo, Asante, Sagitta au nyingine. Hizi ni data za majina. Hakuna mbegu iliyo juu ya nyingine kwa kutajwa tu, na huwezi kuzijumlisha. Unachoweza kufanya ni kuhesabu wangapi walipanda kila moja na kutafuta asilimia. Tahadhari inahitajika pale majibu yanapopewa namba ili kurahisisha uingizaji, kwa mfano Kikondo 1, Asante 2, Sagitta 3. Kompyuta itakubali kukokotoa wastani wa namba hizo na kukuambia "1.8", lakini jibu hilo halina maana yoyote, kwa kuwa namba zimesimama mahali pa majina. Namba ya simu na namba ya nyumba ziko katika kundi hilohilo.

Swali la pili linauliza kiwango cha elimu: hakusoma, msingi, sekondari, chuo. Hizi ni data za ngazi. Kuna mpangilio unaoeleweka, lakini umbali kati ya ngazi moja na nyingine haujulikani wala haulingani. Ndivyo yalivyo pia majibu ya "siridhiki", "naridhika kiasi" na "naridhika sana". Unaweza kutaja ngazi ya katikati na asilimia ya kila ngazi. Ripoti nyingi hukokotoa wastani wa ngazi kama hizi na kuandika kwamba kuridhika ni 3.4. Mimi namshauri anayeanza aache, aonyeshe asilimia za kila jibu, kwa maana msomaji atazielewa bila kufafanuliwa.

Swali la tatu ni idadi ya wanakaya. Hizi ni data za kuhesabu: 4, 5, 6, bila kitu chochote katikati. Wastani wake unaweza kutoka 4.6, na hilo si kosa, mradi ukumbuke kwamba unaeleza kundi na hakuna nyumba yenye watu 4.6.

Swali la nne ni ukubwa wa shamba, na la tano ni uzito wa mavuno. Hizi ni data za kupima, ambazo zinaweza kuchukua thamani yoyote kati ya namba mbili: ekari 1, ekari 1.25, ekari 1.3. Zina sifuri ya kweli, yaani kilo 0 maana yake hakuna mavuno kabisa, na ndiyo maana tunaweza kusema kilo 6,000 ni mara mbili ya kilo 3,000.

Swali la sita linahusu joto la asubuhi shambani kwa nyuzi za Selsiasi. Data hizi pia hupimwa, ila sifuri yake ni ya makubaliano. Nyuzi 0 haimaanishi kwamba joto halipo. Ni kiwango ambacho maji huganda. Tofauti kati ya nyuzi 5 na nyuzi 10 ni sawa na tofauti kati ya nyuzi 15 na 20, lakini mtu wa Kyela hawezi kusema kwamba nyuzi 30 za kwake ni joto mara tatu ya nyuzi 10 za Makete. Mwaka wa kalenda una tabia hiyohiyo.

Mgawanyo huu wa aina nne, yaani majina, ngazi, vipimo vyenye sifuri ya makubaliano na vipimo vyenye sifuri ya kweli, ulipendekezwa na mwanasaikolojia wa Marekani Stanley Smith Stevens mwaka 1946. Wanatakwimu wamejadiliana naye sana tangu hapo, lakini kwa anayeanza bado ni ngazi nzuri ya kupandia.

Gunia si kipimo mpaka ulipime

Kabla ya kuondoka kwenye aina za data, tulitazame kwa karibu neno moja linaloharibu tafiti nyingi za mazao katika mikoa hii. Ukimuuliza mkulima mavuno yake, atakujibu kwa magunia, na jibu litaonekana kama data safi ya kuhesabu. Lakini gunia la viazi lililofungwa kwa lumbesa, lile lililojazwa kupita mdomo na kushonewa kilemba cha kamba juu, linaweza kuzidi kwa mbali kilo 100 ambazo taratibu za vipimo nchini zinaweka kuwa ukomo wa gunia. Mkulima aliyevuna magunia 50 ya kilo 130 ana kilo 6,500. Jirani yake mwenye magunia 60 ya kilo 100 ana kilo 6,000. Ukihesabu magunia, jirani ameshinda. Ukipima uzito, ameshindwa.

Kwa hiyo dodoso liulize mambo matatu: magunia mangapi, yamefungwaje, na kila moja lilikuwa na debe ngapi. Ikiwezekana, pima kwa mizani debe chache za kijiji hicho, upate uzito wa debe moja la viazi la pale, kisha badilisha majibu yote yawe kilo. Fanya vivyo hivyo kwa ardhi. Wakulima wengi hutaja ekari, ilhali vitabu vya kilimo hutumia hekta, na hekta moja ni takribani ekari 2.47. Safu moja ya jedwali ibebe kipimo kimoja tu.

Hatua ya nne: ingiza na usafishe

Katika jedwali, kila mstari uwe kaya moja na kila safu iwe kigeu kimoja. Usichanganye namba na maneno katika kisanduku kimoja. Andika 50, na neno "magunia" libaki kwenye kichwa cha safu. Jibu lisilopatikana liachwe wazi, lisijazwe sifuri, kwa maana sifuri ni jibu: inasema mkulima hakuvuna kitu. Tunza nakala ya kwanza bila kuigusa, na usafishaji ufanyike kwenye nakala ya pili.

Chukua wakulima 11, mavuno yao yakiwa yamebadilishwa kuwa magunia ya kilo 100 kwa ekari na kupangwa kutoka dogo hadi kubwa: 38, 42, 45, 45, 47, 50, 52, 55, 58, 60, 168.

Namba ya mwisho imejitenga na wenzake. Usiifute kwa sababu tu inakusumbua, wala usiiache bila kuuliza. Rudi kwenye dodoso au kwa mkulima. Katika mfano wetu, mwenye 168 alitaja mavuno ya shamba zima la ekari tatu, na karani hakugawanya. Thamani sahihi ni 56. Kama angekuwa kweli amevuna 168 kwa ekari moja, namba ingebaki, na ingestahili maelezo yake yenyewe.

Hatua ya tano: tafuta katikati

Wastani hupatikana kwa kujumlisha thamani zote na kugawanya kwa idadi yake. Kabla ya kurekebisha kosa, jumla ilikuwa 660, na 660 kwa 11 ni 60. Mtu angetangaza kijijini kwamba mkulima wa kawaida anavuna magunia 60, ilhali kati ya watu 11 ni mmoja tu aliyevuka kiwango hicho, na huyo ndiye aliyeandikwa vibaya. Baada ya marekebisho jumla ni 548, na wastani ni 49.8.

Mediani ni thamani iliyo katikati baada ya kupanga. Kwa thamani 11 ni ile ya sita, yaani 50. Kabla ya marekebisho ilikuwa 50, na baada ya marekebisho ni 50 vilevile. Idadi ikiwa shufwa, chukua mbili za katikati uzijumlishe na kugawanya kwa mbili. Modi ni thamani inayojitokeza mara nyingi zaidi, na hapa ni 45. Modi ina kazi kubwa zaidi kwenye data za majina, kwa mfano mbegu inayopandwa na wengi.

Tumia ipi? Kwa kipato, ukubwa wa mashamba na mavuno, ambako wachache huwa na vingi sana, mimi huanza na mediani, kisha naweka wastani kando yake. Zikikaribiana, kama 50 na 49.8, mara nyingi data zimejipanga kwa ulinganifu. Zikiachana sana, kama 50 na 60, kuna jambo la kufuatilia. Katika Excel kazi hizi hufanywa na AVERAGE, MEDIAN na MODE, lakini zifanye kwa mkono angalau mara moja ili ujue kinachotokea ndani.

Hatua ya sita: pima mtawanyiko

Wastani peke yake huficha mengi. Fikiria wakulima watano wa bondeni waliovuna 48, 49, 50, 51 na 52, na watano wa mlimani waliovuna 20, 35, 50, 65 na 80. Wastani wa makundi yote mawili ni 50. Lakini mlimani kuna kaya inayokaribia njaa, na afisa anayepanga kugawa mbegu bora akitazama wastani tu hataiona.

Upana, yaani thamani kubwa kabisa kutoa ndogo kabisa, ni 4 bondeni na 60 mlimani. Kipimo kinachotumika zaidi ni mkengeuko sanifu, ambao hueleza thamani ziko mbali kiasi gani na wastani. Tuukokotoe kwa kundi la bondeni. Toa wastani kwenye kila thamani: -2, -1, 0, 1, 2. Zidisha kila tofauti kwa yenyewe ili alama za kutoa ziondoke: 4, 1, 0, 1, 4. Jumla ni 10. Gawanya kwa idadi kasoro moja, yaani 4, kwa sababu hii ni sampuli na tunataka kukadiria mtawanyiko wa kundi lengwa lote: 2.5. Tafuta kipeuo cha pili: takribani 1.6. Kwa wa mlimani, njia hiyohiyo huleta 23.7. Wale 11 walikuwa na mkengeuko wa 36.4 kabla ya kosa kusahihishwa, ukashuka hadi 7.0. Namba moja iliyoandikwa vibaya iliukuza mara tano.

Hatua ya saba: tumia data za wengine kwa uangalifu

Data ulizokusanya mwenyewe ni za awali. Zilizokusanywa na wengine ni za upili. Chanzo kikubwa nchini ni Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika Tanzania nzima. Mkoa wa Mbeya ulikuwa na watu 2,343,754.

Sasa fungua sensa ya 2012 uone Mbeya ikiwa na watu 2,707,410. Mtu mwenye haraka ataandika kwamba wakazi wa Mbeya wamepungua kwa asilimia 13. Hakuna aliyepungua. Mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulianzishwa kutokana na wilaya zilizokuwa za Mbeya, na eneo hilo lilikuwa na watu 998,862 mwaka 2012. Ukiwatoa, Mbeya ya mipaka ya sasa ilikuwa na watu 1,708,548, na ongezeko hadi 2022 ni watu 635,206, sawa na asilimia 37. Iringa nayo inahitaji uangalifu huohuo kwa anayelinganisha sensa ya 2002 na za baadaye, kwa kuwa Njombe ilitoka humo. Kabla ya kulinganisha namba za miaka miwili, hakikisha kinacholinganishwa ni kilekile: mipaka ileile, kipimo kilekile, maana ileile ya neno "kaya".

Hatua ya nane: chora, kisha utafute uhusiano

Kwa data za majina na za ngazi tumia grafu ya mihimili. Kwa data za kupima tumia histogramu, ambayo mihimili yake hugusana kwa sababu thamani zinaendelea. Kwa bei za gunia sokoni Mwanjelwa mwezi hadi mwezi, tumia grafu ya mstari. Kipimo cha wima cha grafu ya mihimili kianzie sifuri. Ukianzia 45, mavuno ya 50 yataonekana kama mara tano ya 46.

Kwa vigeu viwili vya idadi, chora grafu ya nukta. Tuseme umeweka idadi ya mara mkulima alizopuliza dawa ya ukungu upande mmoja na mavuno upande mwingine, ukaona kwamba waliopuliza mara nyingi walivuna kidogo. Je, dawa inapunguza viazi? Inawezekana kabisa kwamba mashamba yaliyoshambuliwa vibaya zaidi na ukungu ndiyo yaliyolazimisha wenyewe kupuliza mara nyingi, na ugonjwa ndio uliopunguza mavuno. Mshale wa sababu unaelekea upande mwingine kabisa na ule uliodhaniwa. Grafu inaonyesha kwamba vitu viwili vinaenda pamoja. Ili ujue kipi kimesababisha kipi, unahitaji kulinganisha mashamba yaliyofanana kwa mbegu, udongo na kiwango cha ugonjwa, yakitofautiana kwa dawa tu.

Hatua ya tisa: andika

Aya ya matokeo itaje sampuli ilivyopatikana, kipimo, katikati na mtawanyiko. Kwa wakulima wetu 11 ingesomeka hivi: "Wakulima 11 waliochaguliwa kwa kufuata orodha ya kijiji walikuwa na mediani ya magunia 50 ya kilo 100 kwa ekari, wastani ukiwa 49.8 na mkengeuko sanifu 7.0. Mavuno ya chini kabisa yalikuwa 38 na ya juu kabisa 60. Thamani moja ilirekebishwa baada ya kurudi kwa mkulima." Watu wakiwa wachache, andika idadi kamili kabla ya asilimia: "wakulima 3 kati ya 11" ni maelezo ya wazi zaidi kuliko "asilimia 27". Majina ya wakulima yasitoke kwenye daftari lako. Ripoti ibebe namba za kaya tu. Na nakala moja irudi kwa mtendaji wa kijiji, isomwe kwenye mkutano, kwa sababu waliojibu maswali ndio wenye haki ya kwanza ya kujua yaliyopatikana, na mara nyingi ndio watakaokuonyesha namba isiyowezekana ambayo wewe hukuiona.